Re: Kidude cha kuchomeka kwenye sensa kitaondoa kumisi?
Mkuu, umeuliza kama kidude cha kuchomeka kwenye sensa kitaondoa kumisi (injini kukatakata) ya pikipiki yako. Huenda kubadili ekzosi ndo kumeleta hiyo kumisi, ila hicho kidude cha bei chee cha sensa ya joto la hewa usikitegemee sana. Ndani mara nyingi ni rizista tu (kipande cha kubana umeme), inaidanganya kompyuta ya injini kwamba hewa ni ya baridi nayo inaongeza petroli kila mahali, sasa kama pikipiki ina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, kwenye mwendo wa kawaida kompyuta inaona mafuta yamezidi inayapunguza tena mpaka hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito, umerudi palepale 😂

Mi ningefungua plagi kwanza, ikiwa nyeusi ina masizi ujue mafuta tayari yamezidi, achana na hicho kidude kabisa, ikiwa nyeupe pee hapo kweli mafuta machache. Na cheki ekzosi isivuje pale kwenye gasketi, hewa ikiingia hapo sensa ya oksijeni inasoma uongo