Re: Wiski ya Scotland inanuka moshi, nimeuziwa feki?

Mambo mkuu. Kwa hiyo umezoea Jameson, wiski ya Ireland, umeletewa Laphroaig 10 ya Scotland, umefungua inanuka moshi na dawa ya hospitali, unahisi umepigwa. Harufu peke yake isikutishe, ndo ilivyo hiyo. Kule kisiwa cha Islay inakotengenezwa, shayiri iliyooteshwa wanaikausha kwa moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi, unachimbwa unakaushwa unachomwa kama mkaa, na moshi ukishaingia kwenye nafaka hautoki hata ukeneke mara mbili na kuilaza kwenye pipa miaka 10.

Jameson inatengenezwa Midleton, Cork. Shayiri haipigwi moshi, wanachanganya iliyooteshwa na mbichi, wanakeneka mara 3, halafu wanaongezea wiski nyepesi ya nafaka, ndo maana inateleza tu.

Ila usikariri Scotland moshi, Ireland laini. Connemara ni ya Ireland na ina moshi, Auchentoshan ni ya Scotland inakenekwa mara 3 na haina. Hata Scotland kwenyewe nyingi hazina moshi kabisa.

Cha kwanza soma lebo. Single malt ni kiwanda kimoja, shayiri iliyooteshwa tupu. Blended ni mchanganyiko wa malt na wiski ya nafaka. Ukikuta kilevi chini ya asilimia 40 hapo shtuka, nchi zote mbili sheria hairuhusu. Siil na kizibo siwezi kukusemea, weka picha tuone.

Afu tia maji matone machache, ukali wa pombe unapungua. Soda usithubutu