Tafuta mnara wa saa

Umeuliza postikadi yako ya Lango la Yafa, Yerusalemu, ni ya lini. Tazama juu ya lango: ukiona mnara wa saa, picha ilipigwa kati ya 1908 na 1922, maana Waingereza waliubomoa. Sasa igeuze. Kama mnara haupo na upande wa nyuma hauna mstari katikati wa kutenganisha ujumbe na anwani, kadi yenyewe huenda ni ya zamani zaidi. Uingereza iliruhusu ujumbe upande wa anwani 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Rangi zisikudanganye, nyingi zilipakwa kiwandani juu ya picha nyeusi na nyeupe. Na tafadhali, stempu usiibandue! Tarehe ya kutumwa iko kwenye muhuri wa posta uliogongwa juu ya stempu, hata kama umefifia.