Kabichi zangu za kwenye ndoo hazifungi

SWALI: Habari zenu. Mimi sina shamba, nimepanda kabichi barazani kwenye ndoo tatu za lita 20, kila ndoo miche minne. Saivi ni miezi miwili toka nihamishe miche, majani mengi na ya kijani kabisa ila kufunga hakuna, na urea naweka kila wiki. Mbegu mbovu au nimekosea wapi?

JIBU: Pole ndugu yangu, ila mbegu usiilaumu kwanza. Shida kubwa ni hiyo miche minne, maana mizizi mingi ya kabichi haiendi chini sana, inatambaa karibu na juu, kwahiyo hapo zote nne zinagombania sehemu moja na hakuna inayoshiba. Ndoo ya lita 20 ni ya kabichi moja, basi. Bakiza ule wenye shina nene, mingine usiing'oe, ikate kwa kisu usawa wa udongo, coz ukivuta unachana na mizizi ya huyo unayemwacha. Najua inauma kukata mche wenye afya, lakini majani yake yanalika vizuri tu.

Urea simamisha. Hiyo mbolea ni nitrojeni, na nitrojeni inasukuma majani, mwanzoni inafaa sana, ila ukizidisha kabichi inabaki kumwaga majani tu. Weka mboji iliyoiva vizuri, viganja viwili juu ya udongo, halafu tazama katikati: majani madogo yakianza kujikunja kwa ndani kama kiganja kinachokinga maji, ujue inaanza kufunga.

Alafu hapo barazani jua linafika masaa mangapi? Kabichi inataka kama sita, na kama hayafiki sogeza ndoo. Ila ndoo nyeusi juu ya sakafu ya saruji inachemka, ipandishe kwenye matofali, kabichi haipendi joto. Maji usiyaruke, chomeka kidole, ukikuta pakavu mwagilia taratibu mpaka yatoke matundu ya chini. Ukiiacha ikauke siku kadhaa alafu uimwagie kwa pupa, ikishafunga itapasuka.

Na geuza majani kila baada ya siku mbili tatu. Ukiona viwavi vidogo vya kijani, ukivigusa vinafurukuta kurudi nyuma na kuning'inia kwa uzi, vitoe kwa mkono mapema kabla havijaingia katikati, maana kabichi ikishajifunga navyo ndani huvipati tena.