Uongo wa maji

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kashfa ipi ya watawala wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960 isiyofaa kusahauliwa. Najua wengi watamtaja John Profumo, na siwalaumu. Kisa chake kina utamu wote wa umbea: Waziri wa Vita, msichana wa miaka 19 aitwaye Christine Keeler, afisa wa jeshi la majini la Urusi, na bwawa la kuogelea katika jumba la Cliveden. Machi 1963 Profumo alisimama Bungeni akakana kwamba kulikuwa na jambo lolote lisilofaa kati yake na Keeler. Juni 5 akajiuzulu, maana ilibidi akiri kwamba alilidanganya Bunge. (Sisi Kenya tulikuwa na siku nne tu za Madaraka.)

Mimi nataja Hola.

Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola kando ya mto Tana, mahabusu wa Mau Mau, vuguvugu la Kenya lililopigana na ukoloni wa Uingereza, waliokuwa wamegoma kufanya kazi walitolewa kwenda kulazimishwa kazi ya umwagiliaji. Wala si askari waliopandwa na hasira ghafla. Mpango ulikuwa umeandikwa na John Cowan, afisa wa ngazi ya juu wa magereza, na wakubwa wa Nairobi wakauidhinisha. Walinzi waliwashukia kwa marungu. Watu 11 walikufa, na wengine wengi wakaumizwa vibaya. Kisha serikali ya kikoloni ikatoa taarifa kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya mkokoteni wa maji.

Maji! Aliyewahi kuishi karibu na Tana anayajua maji yake, rangi ya chai ya maziwa. Yatakuendesha tumbo, ndiyo. Hayaachi alama za rungu mgongoni. Uchunguzi wa hakimu ulithibitisha kwamba marehemu walikufa kwa kipigo, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa vifo hivyo.

Alan Lennox-Boyd, Waziri wa Makoloni, alitaka kujiuzulu. Waziri Mkuu Harold Macmillan akamzuia, kwa sababu uchaguzi ulikuwa mlangoni. Oktoba mwaka huo chama chao cha Conservative kikashinda na kuongeza viti. Macmillan huyohuyo ndiye aliyetikiswa na kitanda cha Profumo miaka minne baadaye. Na Profumo mwenyewe, kabla ya kupewa wizara ya vita, alikuwa naibu wa Lennox-Boyd pale Makoloni, 1957 hadi 1958, kambi zikiwa bado zimejaa watu. Kambi hazikumgharimu kitu.

Nisiwe mchoyo wa haki: wapo waliopiga kelele. Barbara Castle, mbunge wa chama cha upinzani cha Labour, aliibana serikali. Lakini hotuba iliyowachoma zaidi ilitoka ndani ya chama tawala, Julai 1959, usiku wa manane umeshapita. Enoch Powell aliwakemea wenzake waliokuwa wakiwaona marehemu kama viumbe pungufu ya binadamu, akawaambia kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Afrika na kingine cha nyumbani. Ndiyo, ni Powell yuleyule ambaye mwaka 1968, mjini Birmingham, alitoa hotuba ya kuwatisha Waingereza kuhusu wahamiaji weusi na Waasia. Nimejaribu kuwaoanisha watu hawa wawili katika kichwa kimoja, nimeshindwa.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini Hola, nitawauliza nanyi: ule uongo wa Machi 1963 ulimficha nani, na ule wa Machi 1959 ulificha nini? Mmoja ulimng'oa waziri. Mwingine ulifuatwa na hila ndogo ya kubadilisha jina: Hola ikaitwa Galole, labda kwa matumaini kwamba watu wangesahau. Leo mji ni Hola tena, lakini jimbo lake la ubunge bado linaitwa Galole.