Aliyehama kazi bado yumo kwenye kompyuta: namna ya kumfuta bila kuharibu

Msomaji ameniandikia kuwa alifuta folda ya mwenzao aliyeondoka ndani ya C:\Users. Mwenzao huyo amerudishwa kazini, na sasa kila akiingia, Windows inamfungulia profaili (folda na mipangilio yake binafsi) ya muda tu: anachohifadhi kwenye desktopu hakipo tena akitoka na kurudi. Anauliza kama kompyuta imeingia virusi. Haijaingia. Folda imeondoka, ila rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, bado inamkumbuka mwenyewe.

Windows haimtambui mtu kwa jina bali kwa SID, namba ndefu ambayo kwa akaunti za kawaida huanza na S-1-5-21. Kila SID ina ufunguo wake kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList, na ndani ya ufunguo huo kuna ProfileImagePath, yaani mahali ilipo folda ya mtu huyo. Ukifuta folda kwa mkono, ufunguo unabaki ukionyesha mahali patupu. Tiba kwa msomaji wangu: hifadhi kwanza nakala ya rejista, ingia kwa akaunti nyingine ya msimamizi, tafuta SID ambayo ProfileImagePath yake inataja jina la mtu huyo, futa ufunguo huo na pacha wake wenye mkia wa .bak kama yupo, kisha washa kompyuta upya. Akiingia atatengenezewa profaili mpya. Faili zilizofutwa hazirudi kwa njia hii, za hizo atafute kwenye nakala rudufu.

Na wengine wote: msifute folda za C:\Users kwa mkono. Hili nitalirudia mpaka mchoke.

Mtu akiondoka, siku ya kwanza usifute chochote. Zima akaunti tu kwa amri ya net user jina /active:no, au kama ofisi ina domeni, yaani akaunti zote zinasimamiwa na seva moja, izimwe huko kwenye Active Directory. Akaunti iliyozimwa huwashwa tena ikiwa na haki zake zote. Iliyofutwa kwenye kompyuta yenyewe haifufuki, kwa sababu hata ukiunda nyingine yenye jina lile lile itapewa SID mpya, na folda alizokuwa akifungua zitamkataa.

Iache imezimwa mwezi mmoja na usikilize nani analalamika. Mara nyingi ni skana. Mashine ya kopi hutuma kurasa kwenye folda ya pamoja kwa jina na nenosiri la mtu fulani aliyeiunganisha zamani, na hakuna anayejua mpaka zikwame. Kazi zilizoratibiwa ndani ya Task Scheduler na huduma zinazoendeshwa kwa jina lake nazo zitaanza kushindwa. Afadhali ziumbuke sasa, wakati dawa ni kuwasha akaunti kwa dakika tano.

Ndani ya mwezi huo kagua folda yake ukiwa msimamizi. Usibadilishe nenosiri lake kwa nguvu ili uingie kama yeye. Kwenye akaunti ya kompyuta yenyewe, nenosiri likibadilishwa na msimamizi, vilivyofungwa kwa nenosiri la zamani havifunguki tena: manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, na faili zilizosimbwa kwa EFS, usimbaji wa faili wa Windows yenyewe. Hizo za EFS ndizo za kuogopa zaidi. Zinaweza kuwa kwenye diski D, mbali kabisa na folda yake, lakini ufunguo wake umo ndani ya profaili. Ukiifuta profaili, unabaki na faili zisizosomeka. Amri ya cipher /u /n huorodhesha zilizopo. Ukizikuta, mwite mwenyewe azifungue angali anapatikana.

Barua pepe za Outlook pia zina mtego. Faili ya .ost ni nakala ya kilichoko kwenye seva, hiyo unaweza kuiacha ife. Faili ya .pst mara nyingi ndiyo nakala pekee, kwa hiyo inakiliwe.

Sasa futa. Washa kompyuta upya kwanza, maana profaili iliyo wazi haifutiki na kitufe cha Delete hufifia. Andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings chini ya User Profiles, chagua jina, futa. Njia hii huondoa folda na ufunguo wa rejista pamoja. Baada ya hapo ndipo ufute akaunti kwa net user jina /delete. Ukianza na akaunti, profaili itaonekana kwenye orodha kama Account Unknown, na zikiwa tatu au nne utaanza kubahatisha ni ya nani. Amri hiyo haigusi folda.

Folda iitwayo Default iache kabisa. Ndiyo kiolezo cha kila profaili mpya.

Kuna sera ya Windows inayofuta zenyewe profaili zilizopitisha siku unazotaja, kompyuta inapowashwa upya. Ni nzuri kwa maabara, ila masasisho na antivirusi huweza kugusa faili za profaili zilizolala zikaonekana za jana, kwa hiyo usiiamini peke yake.

Ofisi ambazo watu wote hutumia akaunti moja ya Windows, mabaki yenu yamo kwenye kivinjari. Ondoeni profaili ya mtu huyo humo, kisha yeye mwenyewe au msimamizi wa huduma husika akate vipindi vyote vilivyo wazi, yaani kila mahali ambapo akaunti yake ya mtandaoni bado imeingia.

Kwenye Linux, userdel -r huondoa folda ya nyumbani na kisanduku cha barua, si faili zake zilizoko kwingine. Hizo hubaki na UID yake, yaani namba ambayo Linux humtambua nayo mtumiaji, na mgeni akipewa namba hiyo anazirithi bila kuomba. Zitafute kwa find / -xdev -nouser kabla hujaunda akaunti nyingine yoyote, na urudie kwa kila diski iliyounganishwa, kwa sababu -xdev haivuki kwenda diski nyingine.