Kona ya Wapiga Besi: Kidole Kidogo Hakifiki

*Shikamoo Mwalimu. Nina mwaka mmoja tangu nianze kupiga gitaa la besi. Niliambiwa vidole vinne vikae kwenye freti nne (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), kila kimoja na freti yake. Upande wa vigingi vya kukazia nyuzi nashindwa kabisa. Kidole kidogo hakifiki, na nikilazimisha, kifundo cha mkono kinauma na nyama iliyo chini ya kidole gumba inawaka moto. Je, mkono wangu ni mdogo, au niongeze mazoezi ya kutanua vidole?*

Marahaba. Mkono wako hauna kasoro, na hayo mazoezi ya kutanua vidole uyaache leo hii.

Chukua rula upime. Kwenye besi ya kawaida, sehemu ya uzi inayotetema ina urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo. Kutoka freti ya 1 hadi ya 4 utapata karibu sentimita 13. Ukienda freti ya 13 hadi ya 16, utapata nusu yake tu, sentimita 6 na nusu. Ni freti nne kwa hesabu, lakini kwa mkono ni kazi mbili tofauti. Sheria ya kidole kimoja kwa freti moja ni nzuri kuanzia freti ya 5 au ya 7 kuelekea kwenye mwili wa gitaa. Kuilazimisha kwenye freti za mwanzo ni kuutesa mkono bure, na nasikitika kuona wanafunzi wengi wakifundishwa hivyo.

Wapiga kontrabasi, ile besi kubwa inayopigwa ikiwa imesimamishwa, walilitatua jambo hili zamani. Franz Simandl, aliyefundisha kontrabasi Vienna katika karne ya 19, alieneza mtindo wa kutumia kidole cha shahada, cha kati na kidogo, huku kidole cha pete kikibonyeza pamoja na kidogo kukisaidia. Kwa besi yetu, hiyo ni kufunika freti tatu badala ya nne: kati ya freti ya 1 na ya 3 ni sentimita 9 hivi, na mkono wa kawaida unazifikia bila shida.

Kwa nini vidole hivyo viwili vishirikiane? Laza kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini yake, kisha jaribu kuinua kidole cha pete peke yake. Karibu hakitanyanyuka, kwa sababu kano za vidole zimeshikana nyuma ya mkono. Cha pete na kidogo havipendi kutenganishwa. Viache vifanye kazi pamoja.

Sasa jaribu skeli ya F meja, yaani ngazi ya noti kutoka F hadi F ya juu. Kwenye uzi wa E, ule mnene kuliko yote, piga F freti ya 1 kwa kidole cha shahada, na G freti ya 3 kwa kidole kidogo kikisaidiwa na cha pete. Uzi wa A uupige bila kubonyeza. Halafu B♭ freti ya 1 kwa shahada, C freti ya 3 kwa kidogo, na uzi wa D bila kubonyeza. Malizia kwenye huo uzi wa D: E freti ya 2 kwa kidole cha kati, F freti ya 3 kwa kidogo. Umemaliza oktavu nzima bila mkono kusogea hata kidogo. Wimbo ukidai freti ya 4 au ya 5, usivute kidole. Hamisha mkono wote, kidole gumba kikiwemo. Wengi hukisahau hicho gumba kikabaki nyuma, na hapo ndipo kifundo kinapojipinda.

Kuhusu ule moto chini ya gumba: unabana shingo kama koleo. Gumba likae nyuma ya shingo, likielekeana na kidole cha kati, na lipumzike tu. Kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote. Gusa uzi kwa wepesi karibu kabisa na chuma cha freti, upande wa vigingi, kisha upige kwa mkono wa kulia huku ukiongeza nguvu polepole. Mwanzo sauti itakuwa butu, halafu itakwaruza, halafu itatoka safi. Simama hapo. Nguvu hiyo ndiyo unayohitaji, na utashangaa ilivyo ndogo. Sasa liondoe gumba kwenye shingo kabisa, urudie ukivuta kwa uzito wa mkono wenyewe.

Kaza pia mkanda, ili gitaa likae pale pale ukiwa umekaa au umesimama, na kichwa chake kiinuke kidogo. Besi inayoning'inia magotini hukunja kifundo hata ukijua kila kitu. Vidole vikifa ganzi au maumivu yakibaki baada ya kupumzika, acha kupiga umwone daktari.

*Mwalimu, nikiinua kidole kutoka kwenye uzi, nyuzi nyingine zinavuma. Kosa liko wapi?*

Unainua kidole mbali mno. Kilegeze tu kiache kubonyeza, lakini kiendelee kuugusa uzi, nao utanyamaza. Vidole visivyo na kazi vilale kwa wepesi juu ya nyuzi zilizobaki.

*Je, besi fupi ya inchi 30 ni ya watoto tu?*

Hapana, watu wazima wengi wanaitumia kazini. Freti ya 1 hadi ya 4 inapungua hadi sentimita 11 na nusu hivi. Uzi wake mnene unalegea kidogo, kwa hiyo ubonyeze moja kwa moja bila kuuvuta pembeni, la sivyo noti itapanda.