Jibu: Ukuta wa mawe unaotoa chumvi baada ya kupigwa simenti

Salaam ndugu yangu. Umesema ukuta wa chini wa nyumba ya bibi yako hapo mtaa wa Mkomani, Lamu, ulipigwa plasta ya simenti mwaka jana, na sasa unatoa unga mweupe na plasta inabanduka. Kwetu mtaa wa Langoni ilikuwa hivyo hivyo.

Kabla ya kumwita fundi, kagua paa na choo. Sisi tulirudia plasta mara mbili, kumbe maji yalivuja chooni.

Pakiwa sawa, tatizo ni simenti yenyewe. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka chini. Chokaa huyaacha yapumue, simenti huyaziba, kisha chumvi huisukuma plasta nje. Ibandue yote, uache ukuta ukauke miezi kadhaa (kukaa na ukuta mtupu kunaudhi, najua), halafu piga chokaa tabaka kwa tabaka. Mchanga usiwe wa ufuoni, una chumvi. Nyunyiza maji chokaa isikauke upesi.

Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya makumbusho. Tena leo hii tazama ncha za boriti zilizoingia ukutani. Zikiwa zimelowa, usingoje.